Proksi Mbili kwenye Waya Mmoja

Simu ilinijia alfajiri, adhana ikiwa ndiyo kwanza imemalizika, kutoka kwa mama mmoja wa Jambiani anayeendesha nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema bila ya kuzungusha maneno: "Mwanangu, tangu jana usiku sijapata hata mgeni mmoja aliyeweka nafasi, na yule wangu wa Italia ameniandikia kwamba tovuti haifunguki kabisa." Niliifungua kompyuta nikiwa bado juu ya mswala, nikaona kwamba asemayo ni kweli. Tovuti ilikuwa chini kwa muda wa saa saba.

Tovuti hiyo ndiyo ninayoitunza kila siku. Wenye nyumba ndogo ndogo za wageni, wengi wao wa pwani ya mashariki ya Unguja na wachache wa Pemba, huitumia kupokea wageni bila ya kupitia kwa dalali, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo njia pekee ambayo fedha za msimu hupitia. Watu wa Ulaya hupanga safari zao jioni wakishatoka kazini, wengine hadi usiku mkubwa, na saa zao ziko nyuma ya zetu. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba usiku hakuna anayefungua tovuti, ambayo nimewahi kuisikia kwa mafundi wenzangu, huku kwetu haina msingi. Mwezi wenyewe ulikuwa Julai, msimu umepamba moto.

Seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti, kufa si jambo la ajabu. Ni chombo kama vyombo vingine, na hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma kwa vyuma. Kilichoniuma ni kwamba miezi minne kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuweka seva mbili za proksi kwa ajili ya usiku wa namna hiyo hiyo, na nikawahakikishia wenye nyumba kwamba moja ikianguka nyingine itashika nafasi yake. Moja ilianguka, nyingine ikashika nafasi, na tovuti haikufunguka. Naandika haya kwa ajili ya fundi yeyote wa visiwani anayekusudia kuweka mpangilio kama huo, ili ajue mashimo yako wapi kabla hajatumbukia.

Proksi ninayoizungumzia si ile inayomsaidia mtumiaji kuficha anwani yake. Ni ile inayokaa upande wa tovuti, mlangoni, ikapokea maombi yote ya wageni na kuyagawa kwa seva zilizo nyuma yake. Sisi tunatumia HAProxy, programu huria ya Willy Tarreau ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2001. Wengine hutumia Nginx ya Igor Sysoev, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004, nayo inafaa vilevile. Kazi yake haiishii kwenye kugawa tu. Ukishaiwashia ukaguzi, na usipoiagiza vingine, HAProxy hubisha hodi kwa kila seva ya nyuma kila baada ya sekunde 2. Isipojibiwa mara 3 mfululizo huiondoa seva hiyo katika mgao, na ikijibiwa vizuri mara 2 huirudisha. Kwa hesabu hiyo, seva ya tovuti ikifa saa 8 usiku, wageni huacha kupelekwa kwake baada ya sekunde 6 hivi, na hakuna fundi anayelazimika kuamshwa.

Lakini seva za nyuma zikishalindwa kwa njia hiyo, mlango umebaki mmoja. Kuna alama ya kutambua ni upande upi uliokufa, nayo ni ile anayoiona mgeni. Akiona kosa 502 au 503, proksi iko hai na inamwambia kwamba nyuma yake hakuna wa kujibu ipasavyo. Akiona kivinjari kinazunguka mpaka kinakata tamaa, mara nyingi mlango wenyewe haupo. Na akikataliwa papo hapo, kabla hata ya kupepesa macho, basi mashine ipo na anwani ipo, lakini hakuna programu inayosikiliza. Hali hii ya tatu ndiyo niliyoikuta alfajiri ile.

Dawa ya mlango mmoja ni kuweka seva mbili za proksi zinazoshika kwa zamu anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ya mashine, inayosimamia zamu hiyo ni VRRP, na kwenye mfumo wa Linux programu inayoitekeleza ni keepalived. Seva kuu hutoa tangazo kila sekunde 1 kwamba ipo hai. Tangazo hilo huenda kwenye anwani ya multikasti (inayofikia mashine nyingi kwa pamoja) 224.0.0.18, kwa itifaki namba 112, na seva ya akiba husikiliza tu. Kila moja hupewa namba ya kipaumbele. Akiba ikikosa matangazo kwa vipindi 3, pamoja na kipande cha sekunde kinachopungua kadiri kipaumbele chake kilivyo kikubwa, huitwaa anwani ya pamoja na kuutangazia mtandao wa ndani kwamba anwani hiyo sasa iko kwake. Yenye kipaumbele cha 100 husubiri sekunde 3.6. Ukiizima seva kuu kwa utaratibu, yenyewe hutoa tangazo la mwisho lenye kipaumbele 0, na makabidhiano huchukua chini ya sekunde moja. Mgeni aliye katikati ya kusoma ukurasa hatambui kilichotokea, au hulazimika kuufungua tena mara moja tu.

Sasa nieleze kilichotukuta. Wiki tatu kabla ya usiku ule umeme ulikatika mjini kwa muda mrefu kuliko uwezo wa betri ya UPS yetu, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda unapokatika, na seva zote mbili za proksi zikazimika kwa pamoja. Umeme uliporudi ziliwaka zote. Seva kuu ikaichukua anwani ya pamoja, na HAProxy yake ikaanza kazi. Kwenye seva ya akiba, HAProxy ilitaka kusikiliza kwenye anwani ile ile, Linux ikaikatalia kwa kuwa anwani hiyo haikuwa kwenye mashine yake, na programu ikafa hapo hapo baada ya kuandika mstari mmoja kwenye faili la matukio ambalo sikulisoma. Siku ya kuiweka nilikuwa nimeiwasha kwa mkono katikati ya majaribio, wakati anwani iko kwake, ndiyo maana kosa hilo halikujitokeza mbele yangu. Kwa muda wa wiki tatu akiba yetu ilikuwa mashine inayonguruma, taa zake zinawaka kijani, na haina kazi yoyote inayoweza kuifanya.

Usiku ule kifaa cha ndani kinachoipa umeme seva kuu kiliungua. Baada ya sekunde zisizofika nne, keepalived ya akiba iliitwaa anwani kama ilivyoagizwa, kwa kuwa keepalived huangalia matangazo ya mwenzake na haiulizi kama HAProxy ya nyumbani kwake iko hai, mpaka uiagize kuuliza. Chombo changu cha uangalizi nacho kilikuwa kinapima ping peke yake, yaani kinauliza tu kama mashine inajibu kwenye mtandao. Ping ilijibiwa usiku kucha.

Marekebisho ya makosa haya mawili ni mafupi mno ukilinganisha na hasara yake. La kwanza ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya Linux, net.ipv4.ip_nonlocal_bind = 1, ambao huiruhusu programu kusikiliza kwenye anwani ambayo bado haijafika kwenye mashine; kwa mstari huo HAProxy ya akiba huwaka na kusubiri zamu yake. La pili ni kuipa keepalived hati ndogo ya ukaguzi inayotekelezwa kila sekunde chache. Watu wengi hukagua kama mchakato wa HAProxy upo tu. Mimi nimeona ni bora hati iombe ukurasa halisi kupitia HAProxy ya mashine hiyo hiyo na itazame kama umekuja, kwa sababu mchakato unaweza kuwepo na usifanye kazi. Uangalizi wa nje nao nimeubadilisha kwa mantiki hiyo hiyo: unafungua ukurasa wa kuweka nafasi, na unatafuta neno fulani ndani yake.

Hata hivyo, nilipokaa na kulifikiria jambo hili kwa utulivu, niliona kwamba hayo mawili ni matawi. Mzizi ulikuwa chini ya meza, nao ni ile ekstensheni moja nyeupe iliyochomekwa proksi zote mbili. Umeme ukikatika ilizimika kuu na ikazimika akiba, kwa sekunde ile ile, kwa sababu ile ile. Mimi nilihesabu mashine nikaona ni mbili, lakini mbele ya umeme ilikuwa mashine moja.

Hesabu yake inaonyesha ukubwa wa tofauti. Seva inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda hukosekana kwa saa 87.6 katika mwaka. Ukiweka mbili za namna hiyo, na vifo vyao visihusiane, muda wa kuzikosa zote kwa wakati mmoja hushuka hadi dakika 53 hivi kwa mwaka. Faida yote hiyo imesimama juu ya sharti la kutohusiana. Kila kitu ambacho seva hizo zinakitumia kwa pamoja, kiwe soketi, swichi, ruta au hata mtu mmoja mwenye nywila, kinarudisha hesabu karibu na pale ilipoanzia.

Watu wa Unguja tunalijua hili kwa kuliishi. Mwezi wa Mei 2008 njia ya umeme inayotoka bara kwa chini ya bahari iliharibika, na kisiwa kikakaa bila ya umeme wa gridi kwa takriban mwezi mzima. Disemba 2009 ikatokea tena, na mara hii tulikaa hadi Machi 2010. Ndani ya nyumba kulikuwa na nyaya za kila aina, mitaani kulikuwa na nguzo na transfoma, lakini vyote vilinyonya kutoka kwenye mzizi mmoja uliopita Fumba. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013, na Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Wala wingi wa nyaya peke yake si kinga. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya mawasiliano, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja katika bahari ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikadorora. Aliyekuwa amelipia njia mbili, moja kwa kila mkonga, siku hiyo alikuwa hana hata moja kati ya hizo.

Kwa hiyo nilipiga magoti chini ya rafu ya vifaa, nikakamata kila waya mkononi na kuufuata mpaka pale unapoishia, nikiandika kwenye karatasi. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima, na naipendekeza kwa kila fundi kabla hajafungua faili lolote la mipangilio, kwa sababu michoro tuliyonayo kwenye kompyuta haionyeshi ekstensheni. Nilikuta UPS moja, swichi moja, na ruta moja ya kutokea nje. Tulinunua UPS ya pili na swichi ya pili kwenye maduka ya Darajani, tukaihamishia seva ya akiba kwenye soketi ya ukuta wa pili ambayo iko kwenye fezi nyingine, yaani laini nyingine ya umeme ya jengo, na baada ya miezi miwili tukapata njia ya pili ya intaneti kwa mtoa huduma mwingine, tukihakikisha kwanza kwamba hapiti kwenye nguzo zile zile.

Kutenganisha umeme kulizaa shida ambayo sikuitarajia. Mpangilio wangu wa keepalived ulikuwa ule unaopatikana katika mifano mingi: seva kuu ina kipaumbele cha 101, akiba 100, na kila moja huongezewa 2 maadamu hati ya ukaguzi inafaulu. Kuu inakuwa 103 na akiba 102. HAProxy ya kuu ikifa, kuu hushuka hadi 101, akiba inaipita, na anwani inahama. Kwa mahali penye umeme tulivu mpangilio huo unatosha. Kwetu siku moja fezi ya seva kuu ilikuwa inakuja na kuondoka kama taa ya mnara wa bahari, na UPS yake ilikuwa imekwisha chaji. Kila seva kuu ilipowaka ilidai anwani yake, ikapewa, kisha ikazimika nayo. Anwani ilihama mara sita ndani ya nusu saa, na kila mara mgeni aliyekuwa analipa alikatikiwa.

Nilichokitaka ni seva kuu ikirudi ikae kwanza, aliyeshika zamu aendelee mpaka yeye mwenyewe ashindwe. Keepalived ina agizo la hivyo, nopreempt, lakini lina masharti mawili ambayo yanafaa kuelezwa kwa uwazi. Agizo hilo hufanya kazi pale tu ambapo mashine inaanza katika hali ya akiba, kwa hiyo faili la kila upande lazima liandikwe BACKUP, hata la ile tunayoiita kuu. Pili, haliendi pamoja na mchezo wa kuongeza na kupunguza uzito, yaani ile 2 ya kila hati inayofaulu: aliyeshika zamu akishuka hadi 101 ataendelea kutangaza, na mwenzake, kwa kuwa ameagizwa asinyang'anye, atamwacha aendelee kushika anwani huku HAProxy yake imekufa. Njia sahihi ni kuiacha hati ya ukaguzi bila ya uzito wowote. Hapo hati ikishindwa, keepalived huitoa mashine katika zamu moja kwa moja, matangazo yanakoma, na mwenzake anashika. Nilitumia siku mbili kulielewa jambo hili, na hizo ndizo siku mbili zilizonifaa kuliko zote katika kazi hii.

Swichi mbili nazo zina hatari yake. Waya unaoziunganisha ukikatika, kila proksi huacha kumsikia mwenzake, kila moja huamini kwamba mwenzake amekufa, na zote mbili huitwaa anwani ya pamoja. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na mtandao wenye mashine mbili zinazodai anwani moja huenda mrama kwelikweli: baadhi ya wageni hupita, baadhi hukwama, na huwezi kutabiri nani ni nani. Hali hiyo hiyo hutokea kama ngome ya mtandao imezuia itifaki 112, jambo linaloweza kufanyika kwa bahati mbaya mtu anapokaza sheria za usalama. Sisi tumeweka nyaya mbili kati ya swichi, zikiwa na kinga ya kuzuia data isizunguke kati yake bila kikomo. Aliyekodi seva kwenye wingu ajue kwamba huko multikasti mara nyingi haipiti kabisa. Aandike anwani ya mwenzake moja kwa moja kwenye faili, keepalived inalikubali hilo.

Vyeti vya usalama nitavitaja kwa ufupi. Vya Let's Encrypt tunavyotumia hudumu siku 90, na kama uhuishaji wake unafanyika kwenye seva moja tu, akiba itabaki na cheti kilichokwisha muda, na siku ya kushika zamu itawapokea wageni kwa onyo la kutisha. Nakili cheti kipya upande wa pili kila kinapohuishwa. Ama kumbukumbu ya mgeni yuko kwenye seva ipi ya nyuma, HAProxy inaweza kuiandika kwenye kuki inayokaa katika kivinjari cha mgeni mwenyewe, na kwa tovuti ndogo naona hiyo ni bora kuliko kuzifanya proksi zipeane kumbukumbu, mradi majina ya seva za nyuma yafanane katika mafaili yote mawili.

Limebaki jengo lenyewe, ambalo nalo ni mzizi mmoja, na kisiwa, ambacho ni mzizi mkubwa zaidi. VRRP haivuki mtandao wa ndani, kwa hiyo hapo haisaidii. Tumekodi proksi ya tatu katika kituo cha data cha Ulaya, ikiwa na nakala ya kurasa na uwezo wa kupokea maombi ya nafasi yakasubiri mpaka sisi turudi hewani, na rekodi zetu za DNS, zinazoonyesha jina la tovuti liko kwenye anwani ipi, tumezipa uhai wa sekunde 60 ili tuweze kuwaelekeza wageni huko. Njia hii ni ya polepole, kwa kuwa zipo seva za majina zinazong'ang'ania rekodi ya zamani kupita muda wake. Ni ya siku ambazo kisiwa kizima kimekatika, na kwa siku hizo inafaa. Kwa kuungua kwa kifaa cha umeme cha seva tunaitegemea keepalived.

Kila Jumatatu ya mwanzo wa mwezi tunafanya zoezi, na zoezi kubwa, la kuzima jengo zima, tumeliweka wakati wa masika, Aprili na Mei, ambapo wageni ni wachache. Mwenzangu, kijana wa Wete, huchomoa waya mmoja bila ya kuniambia ni upi, huku kompyuta nyingine ikiomba ukurasa kila sekunde na kuhesabu yaliyokosa jibu. Matokeo tunayaandika kwa kalamu kwenye daftari lililofungwa kwa uzi pembeni ya rafu: tarehe, waya uliochomolewa, sekunde zilizopotea, na kitu kilichoonekana. Mstari wa mwisho unasomeka hivi: umeme wa seva kuu, sekunde 4, saa ya seva ya akiba iko nyuma kwa dakika 2. Saa hiyo tuliirekebisha kabla ya kwenda kula.